Mzaliwa wa Kampala Aliyeshinda Safari Mara Tano

Mtu atokaye Kenya kwenda Kampala kwa gari, awe na haraka kiasi gani, hawezi kuikwepa nchi ya mashariki. Atavuka mpaka Malaba au Busia. Atauona mwamba wa Tororo umesimama peke yake kama mlinzi wa zamu. Atapita Bugiri na Iganga, na mwishowe hana budi kuuvuka mto Nile pale Jinja. Akizungukia kaskazini, ataingia Mbale, mji uliokaa chini ya magenge ya Wanale, na nyuma ya magenge hayo unainuka Mlima Elgon hadi kimo cha mita 4,321. Basi yale mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyoanzishwa mwaka 1953 ili yapite Kenya, Uganda na Tanganyika, hayakuweza kufika Kampala bila kuwaamsha watu wa Jinja na jirani zao.

Makala haya yanamhusu dereva mmoja wa mashindano hayo, Shekhar Mehta. Jina lake hutajwa sana Nairobi, na hutajwa kidogo mno kwetu, ingawa alizaliwa kwetu.

Kwanza tuondoe jambo moja. Lile gari la mbio za uwanjani lenye kiti kimoja, ambalo magurudumu yake yako nje ya bodi, na ambalo vijana hulitazama katika televisheni wakati wa Formula 1, halijapata kuwa na makao katika nchi yetu. Tumbo lake linakaribia kugusa ardhi. Linataka lami laini kama sakafu ya msikiti. Wakenya walikuwa na kiwanja cha Langa Langa huko Nakuru katika miaka ya 1950, na Afrika Kusini wana Kyalami. Mwafrika Kusini Jody Scheckter alikuwa bingwa wa dunia wa magari ya namna hiyo mwaka 1979. Sisi tulikuwa na barabara tu. Lakini barabara nayo ni shule, na waliofuzu katika shule hiyo walikuwa madereva wa namna yao wenyewe.

MASHINDANO YA PASAKA

Kwa ajili ya vijana ambao hawakuyaona, ni vema kueleza jinsi Safari ya zamani ilivyokuwa. Magari yalipewa ruhusa ya kuondoka moja baada ya jingine, kwa kupishana dakika chache. Kati ya kituo na kituo kila gari lilipewa muda maalumu, na muda huo aghalabu ulikuwa mfupi kuliko uwezo wa binadamu wa kawaida. Kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu chache kuliko wenzake mwishoni ndiye mshindi. Njia hazikufungwa kama zifungwavyo siku hizi: dereva alikutana na basi la abiria, mchunga ng'ombe, mwenye baiskeli aliyebeba mkungu wa ndizi, na wakati mwingine kundi la watu waliotoka kanisani, kwa maana mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka.

Nao wakati wa Pasaka ni wakati wa mvua za masika. Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Udongo mweusi ukilowa hushika gurudumu na kulimeza. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba vilevile. Na katika miaka yote miwili walioshinda ni watu walewale, Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, katika gari la Peugeot 404, gari ambalo wengi wetu tulilijua kama teksi ya kijijini.

Askari aliyepata kuendesha lori katika msafara wa jeshi wakati wa masika ataelewa jambo hili kuliko niwezavyo kulieleza. Anajua kwamba si kasi inayomfikisha mtu, bali ni kujua wapi pa kukanyaga mafuta na wapi pa kuondoa mguu, na kwamba dereva anayevunja springi katika kilomita ya kumi amekwisha kushindwa, hata kama kilomita tisa za kwanza aliwaacha wote nyuma.

MTOTO WA WENYE MASHAMBA

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945, katika ukoo wa asili ya Kihindi uliokuwa na mashamba makubwa. Msomaji asimdhanie kuwa fundi maskini aliyeinuka kutoka gereji. Sifa hiyo ni ya Joginder Singh wa Kenya, mzaliwa wa Kericho, ambaye alianza kwa kutengeneza magari ya watu wengine, kisha akashinda Safari mwaka 1965, 1974 na 1976. Mehta alikuwa mtoto wa watu wenye mali. Alipoanza mashindano, akiwa na umri wa miaka 21, alianza kwa gari la BMW, na katika miaka hiyo si vijana wengi wa Uganda walioweza hata kuligusa gari kama hilo.

Lakini mali humnunulia mtu gari, haimnunulii mikono. Kufikia mwaka 1971 kijana huyo, akiendesha Datsun 240Z na akiongozwa na Mike Doughty, alichukua nafasi ya pili katika Safari nzima, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari la aina hiyohiyo. Kampuni ya Datsun ilikuwa imekwisha kutambua kwamba gari linaloweza kustahimili Afrika Mashariki litauzika popote duniani, nayo ikawa inatafuta watu wanaozijua njia za huku. Hivyo ndivyo mchezo ulivyogeuka kuwa kazi. Dereva wa kulipwa hakungojea siku ya mashindano: majuma mengi kabla ya Pasaka alipita njia ileile kwa gari la mazoezi, mchana na usiku, huku mwenzake akiandika kila kona, kila daraja, na kila shimo lililoweza kuvunja ekseli.

NENO LILILOSEMWA TORORO

Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin alizungumza na askari katika kambi ya Tororo. Aliwaambia kwamba ameota ndoto, na katika ndoto hiyo ameamriwa kuwaondoa Waasia nchini. Walipewa siku 90. Kwanza ilisemwa kuwa ni wale wenye pasipoti za Uingereza. Baadaye amri ilipanuka, na hata wale waliokuwa na uraia wa Uganda wakajikuta wamesimama katika mistari mirefu wakihojiwa karatasi zao. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka kabla ya tarehe ya mwisho mwezi Novemba.

Ni vema kutaja mahali hapo kwa jina, kwa sababu Tororo ipo katikati ya habari yetu. Ni mji wa barabarani, kama kilomita 45 tu kutoka Mbale, na kila gari lililotoka Malaba kwenda Jinja lilipita hapo. Neno lililosemwa mbele ya askari waliopigishwa mstari katika kambi moja lilifunga maduka ya Jinja na Mbale katika muda wa miezi mitatu. Wenye umri wanaukumbuka mtaa mkuu wa Jinja ulivyokuwa, na wanaikumbuka Mbale iliyosifiwa kwa usafi wake katika miaka ya 1960. Huko Kakira, kando ya Jinja, ukoo wa Madhvani uliacha miwa shambani na kiwanda chake. Maduka yakagawiwa. Baadhi ya waliogawiwa walikuwa askari, na wengi wao hawakuwa wamepata kufunzwa hata namna ya kuagiza mzigo mpya baada ya ule uliokuwemo kwisha. Tukiyasema haya katika ukurasa unaosomwa kambini hatumtukani mtu. Ni mambo yaliyotokea, na watoto wao waliyaona.

Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa walioondoka. Shekhar alihamia Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 27, na mlango wa nchi aliyozaliwa ulikuwa umefungwa nyuma yake.

SARE YA MWAKA 1973

Haikupita miezi sita tangu siku 90 zile kumalizika, Pasaka ikafika. Mwaka huo wa 1973 ulikuwa wa kwanza kwa Safari kuhesabiwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa rali, yaliyokuwa ndiyo kwanza yanaanzishwa. Kwa hiyo walikuja mabingwa kutoka Ulaya wakiwa na mafundi na magari ya akiba.

Mehta aliendesha Datsun 240Z, naye Lofty Drews akisoma njia. Baada ya maelfu ya kilomita, hesabu za adhabu zilipojumlishwa, ilionekana jambo ambalo halitokei ila kwa nadra: Mehta na Msweden Harry Källström, ambaye naye alikuwa katika Datsun, walikuwa sare kabisa. Hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa dakika moja. Ikabidi kanuni ya kuwatenganisha walio sare itumike, na ushindi akapewa Mehta.

Mtu asiye na makao ya kurudi akiwa sawa kabisa na bingwa wa Ulaya, akapita kwa unywele tu! Mwandishi wa hadithi angeliandika hivyo, wasomaji wangesema ametia chumvi.

JUMA LA APRILI 1979

Baada ya ushindi huo wa kwanza ilipita miaka sita kabla ya kushinda tena. Hayo ndiyo maisha ya dereva ambayo picha za magazetini hazionyeshi: injini inayokufa saa nane za usiku, mto uliofurika, tairi ya nne kupasuka wakati gari la mafundi liko kilomita mia mbele. Wengi huacha. Yeye hakuacha.

Sasa tazama jinsi siku zilivyopangana. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliitwaa Kampala, na serikali ya Amin ikaanguka. Kesho yake, tarehe 12 Aprili, Safari ilianza Kenya. Tarehe 16 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, Mehta na Mike Doughty walimaliza wakiwa wa kwanza. Na tarehe 22 Aprili, siku sita baadaye, majeshi ya Tanzania yaliingia Jinja na kulishika bwawa la Owen Falls, ambalo juu yake barabara ile ile ya mashariki ilikuwa ikiuvuka Nile wakati huo. Katika muda wa siku kumi na mbili mtu aliyemfukuza alikimbia, na mfukuzwa akashinda. Hatudai kwamba jambo moja lilisababisha jingine. Tunasema tu kwamba redio zilizokuwa zikisikilizwa katika nyumba za Mbale Pasaka ile zilikuwa na habari nyingi za kusema, na hii ya gari huenda wengi haikuwafikia, kwa sababu walikuwa wamelala chini ya vitanda.

Namna alivyoshinda yastahili kuelezwa kwa watu wa kazi. Aliyemfuata kwa karibu alikuwa Hannu Mikkola wa Finland katika Mercedes 450 SLC, gari kubwa lenye injini ya lita tano. Datsun ya Mehta ilikuwa ya aina ya 160J, gari la familia lenye injini ya lita mbili. Katika barabara iliyonyooka Mercedes ingemwacha kama basi linavyoiacha baiskeli. Lakini barabara haikunyooka. Gari jepesi huzama kidogo, huinuliwa na watu wachache likikwama, na hula tairi kidogo. Mehta alijua vilevile kwamba adhabu haitolewi kwa yule aliyekwenda polepole ila kwa aliyechelewa. Basi palipokuwa na muda wa ziada alipumzisha gari, na pasipokuwa na muda akalitoa jasho.

Akashinda tena 1980. Akashinda 1981, safari hii kwa Datsun Violet GT, na katika mwaka huohuo akawa bingwa wa Afrika, na wa tano katika ubingwa wa dunia. Akashinda 1982, nyuma yake akiwa Mjerumani Walter Röhrl katika Opel Ascona 400, ambaye kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa bingwa wa dunia. Ushindi mara nne mfululizo! Baadaye Mkenya Carl Tundo alifikisha naye ushindi mara tano, katika miaka ambayo Safari haikuwa ya ubingwa wa dunia. Lakini nne mfululizo hakuna aliyezipata, wala kabla yake wala baada yake.

MSOMA NJIA

Kina mama husema kwamba habari za magari ni za wanaume, na mimi nimewahi kuyasikia hayo nyumbani kwangu. Basi nawaomba waendelee kusoma kidogo. Katika gari la rali kuna watu wawili, na huyu wa pili, msoma njia, ndiye anayemwambia dereva kilicho nyuma ya kona ambayo macho hayajaifikia. Akikosea neno moja, wote wawili wamo mtoni. Mke wa Mehta, Yvonne, alikaa katika kiti hicho katika mashindano kadhaa ya ubingwa wa dunia. Si kwa kupambwa. Alikuwa na kitabu mapajani, saa mbele yake, na sauti isiyopaswa kutetemeka.

Nimefikiri mara nyingi juu ya ndoa ya namna hiyo. Mume akimwambia mkewe sebuleni, "Hukunisikiliza," ni ugomvi wa jioni moja. Huko barabarani asiyesikiliza ni mume, na mwenye amri ni mke. Naye humwamini kwa roho yake, kona baada ya kona, gizani.

Mwaka 1987, katika mashindano ya jangwani yaitwayo ya Mafarao, huko Misri, Mehta alipata ajali mbaya sana. Hakurudi tena katika kazi ya usukani kama zamani. Baadaye shirikisho la kimataifa la magari, FIA, lilimpa kuongoza tume yake ya rali, na huko akawa anapanga kanuni ambazo wengine waziendeshee. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60.

MAGARI YANARUDI MASHARIKI

Baada ya Safari kuwa ya Kenya peke yake katika miaka ya 1970, barabara za Jinja na Mbale zilibaki bila yale magari yenye namba mlangoni. Vita na uhaba vikachukua nafasi yake. Palikuwa na miaka ambayo hata kupata tairi moja ya lori ilikuwa habari ya kusimulia. Lakini mchezo haukufa. Uganda ilianzisha ubingwa wake wa taifa na mashindano yake makubwa, Pearl of Africa Rally, na duru za ubingwa huo zimepata kupigwa Jinja, ambako njia za katikati ya miwa hufaa mno, na Mbale pia, ambako dereva hupanda na kushuka mpaka masikio yanaziba.

Mwaka 1999 Charles Muhangi wa Uganda alikuwa bingwa wa rali wa Afrika, katika gari la Subaru Impreza. Ni taji lilelile alilolitwaa Mehta mwaka 1981. Mwaka 2011 Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kuutwaa ubingwa wa taifa, na hakuutwaa kwa kuhurumiwa na saa.

Katika duru hizi za siku hizi njia hufungwa, na mzigo wa kuzifunga huwaangukia polisi. Kazi hiyo haina shukrani. Vijana hupenda kusimama upande wa nje wa kona, mahali hasa ambapo gari hutupwa likiteleza, na wazazi wengine huwabeba watoto mabegani ili waone vizuri. Konstebo mwenye filimbi akiwaambia warudi nyuma, humzomea. Mwaka 2009 dereva Riyaz Kurji alifariki katika ajali ya Pearl of Africa Rally, naye alikuwa ndani ya gari, amefungwa mikanda, amevaa kofia ya chuma, na amezungukwa na mabomba ya kinga. Aliyesimama kwenye kona ana shati tu.

Safari yenyewe ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikakaa Kenya, katika eneo la Naivasha, ikiwa fupi mno kuliko ile ya zamani iliyokuwa karibu ya kilomita 5,000. Magari ni ya ajabu; kuanzia mwaka 2022 hadi 2024 mengine yalichanganya petroli na umeme. Nayo bado huzama katika udongo mweusi mvua inaponyesha, kama Peugeot ya mwaka 1968.

Kuhusu Waasia waliofukuzwa, wengine walirudi. Madhvani walirejea Kakira katika miaka ya 1980, na baada ya mwaka 1986 serikali iliwarudishia wengi majengo yao. Atembeaye Jinja leo ataona majina ya zamani na miaka ya 1920 au 1930 bado yamechongwa juu ya vibaraza. Shekhar Mehta hakurudi kuendesha kwa jina la Uganda. Katika orodha za washindi, bendera inayowekwa kando ya jina lake ni ya Kenya, na Wakenya wana haki nayo, kwa maana walimpokea alipokuwa hana pa kwenda. Penye nafasi ya mahali pa kuzaliwa, pameandikwa Kampala.